Bibi yuko hewani

Ijumaa ni ya Muscat. Jumamosi usiku ni ya Toronto, na Jumapili, sahani za chakula cha usiku zikishaondolewa, ni zamu ya London. Ratiba hii haikuandikwa popote, lakini katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba zenye bibi au babu wa miaka sabini na kitu, inaheshimiwa kuliko ratiba ya dawa za presha. Muscat imepata Ijumaa kwa sababu mapumziko ya wiki ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na watoto hawana skuli. London imepewa Jumapili kwa kuwa Jumamosi wajukuu wa huko wana mpira, wana madrasa, na mama yao ana nguo za wiki nzima za kufua.

Kisha kuna saa. Bibi akikaa kitako saa mbili za usiku, Muscat ni saa tatu na mjukuu mdogo anasinzia. London ni saa kumi na moja za jioni wakati wa baridi, au saa kumi na mbili wakati wa joto. Toronto mchana ndio kwanza umekolea. Waingereza husogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, Wakanada husogeza zao Jumapili ya pili ya mwezi huohuo, na katika wiki mbili tatu za katikati bibi huacha kupiga hesabu, akaiweka simu karibu na mto na kusubiri apigiwe. Na hapo bado hatujaitia saa ya Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa London akiahidi, kwa Kiswahili chake kizuri kabisa, kwamba atapiga “saa tano”, yeye anasema saa tano ya kwao, ile ya kurudi skuli na kupata chai. Bibi atakesha mpaka saa tano za usiku, kumbe simu ililia saa mbili, naye yuko kwenye msala anasali Isha.

Wanaotoa nasaha juu ya mambo haya hupenda kuanza na programu: pakua hii, bonyeza pale, sajili namba. Kwa nilivyoona, hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kijana yeyote wa mtaani atamwekea bibi programu kwa dakika tano na malipo ya soda. Kazi inaanza simu ikishapokelewa, sura ya mtoto ikatokea, na watu wawili wanaopendana lakini hawajuani vizuri wakabaki wanatazamana.

Kuwa na damu mbali si jambo jipya visiwani. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatawanya watu, na Sultan Qaboos alipotwaa madaraka Oman mwaka 1970, wengi wenye asili ya huko walifungasha wakaenda. Miaka ya tisini na baada ya vurugu za Januari 2001 likaja wimbi jingine, la Uingereza, Denmark na Canada. Kila wimbi lilichukua vijana likaacha wazee, na kila kizazi cha wazee kilitafuta njia yake ya kuvusha sauti.

Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa kaseti. Aliyekuwa akisafiri kwenda Muscat au Dubai alikabidhiwa halua, kilo ya pweza mkavu na kaseti moja iliyorekodiwa uani, pande zote mbili. Bibi alisema nusu saa bila kukatizwa: nani kaoa, nani kafa, embe za mwaka huu zimekuwaje, fulani anakusalimu na fulani naye yupo hapa anataka kukusalimu mwenyewe. Jogoo aliwika katikati, muuza samaki akapita na baiskeli yake akipiga honi. Huko ng'ambo nyumba nzima ilikaa chini kusikiliza, watoto wakiwemo, na kaseti ilirudiwa mpaka utepe ukaanza kuvuta maneno. Simu yenyewe ilikuwa anasa. Dar es Salaam ulikwenda jengo la Extelecoms, barabara ya Samora, ukajaza fomu, ukangoja kuitwa, na dakika zako chache ukazimaliza kwa kuulizana “unanisikia?”

Hiyo “unanisikia?” ilikuwa na sababu yake. Mpaka mwaka 2009 sehemu kubwa ya mawasiliano ya Afrika Mashariki na dunia yalipanda kwanza kwenye setilaiti, kilomita elfu 36 juu, kisha yakashuka. Kati ya swali lako na jibu lake kulikuwa na kitu kama nusu sekunde ya ukimya, unaotosha kumfanya mzee adhani simu imekatika akaanza upya, huku jibu likimkuta katikati ya sentensi. Mwaka huo wa 2009 zikafika nyaya za chini ya bahari: Seacom ikatua Dar es Salaam na Mombasa, na TEAMS ikatoka Fujairah, Falme za Kiarabu, mpaka Mombasa. Ni safari ileile ya majahazi ya kaskazi, sema mzigo sasa ni sauti. EASSy ikafuata mwaka 2010. WhatsApp ikaleta ujumbe wa sauti mwaka 2013, simu mwaka 2015, na simu ya video Novemba 2016. Skype, iliyowafundisha Wazanzibari wa mwanzo kuonana kwa kompyuta, ilifungwa moja kwa moja Mei 2025, na sidhani kama kuna bibi aliyeitolea chozi.

Ujumbe wa sauti ndio kaseti iliyofufuka, na nadhani ndiyo sababu wazee waliushika haraka kuliko kitu kingine chochote ndani ya simu. Hakuna kuandika, hakuna miwani, hakuna kuhangaika na tahajia. Unabonyeza, unasema, unaachia. Ghuba nayo ilisaidia bila kukusudia. Kwa miaka mingi Oman na Falme za Kiarabu zimebana kupiga simu kupitia WhatsApp, lakini maandishi na ujumbe wa sauti vinapita. Kwa hiyo wenye jamaa huko walijaribu Imo, walijaribu Botim, na siku ambazo zote mbili zinagoma hurudi kwenye kaseti yao mpya. Bibi huiacha hewani asubuhi akipepeta mchele, mjukuu huisikiliza kwenye basi la skuli.

Mawaya nayo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini upande wa kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na majirani. Ilikuwa Jumapili, tena ile Jumapili ya pili ya Mei ambayo Wakanada na Wamarekani huadhimisha Siku ya Mama. Intaneti ilipozimwa tena nchini wakati wa uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, safari hii si kwa hitilafu, waliokuwa nje walirudi kununua salio na kupiga simu ya kawaida, kama enzi za barabara ya Samora, wakiuliza swali moja tu.

Lakini tuseme waya ni mzima, bando lipo, umeme haujakatika, na simu imesimamishwa vizuri kwenye kopo la sukari ili isionyeshe feni ya dari na nusu ya paji la uso. (Wapo bado wanaopokea simu ya video wakaipeleka sikioni, na mjukuu akazungumza na tundu la sikio na pindo la ushungi kwa dakika kumi. Mtoto wa miaka minne halalamiki. Anaona ni sawa tu.) Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo.”

“Umekula?”

“Nimekula.”

“Umekula nini?”

“Pasta.”

“Skuli vipi?”

“Nzuri.”

“Haya, mpe mama.”

Sekunde ishirini. Yameulizwa yote yaliyopaswa kuulizwa, adabu imetimia, na hakuna lililosemwa. Maofisa uhamiaji wa Heathrow huuliza maswali kwa namna hiyohiyo. Mama yake, huku nyuma, amekuwa akimsukuma begani na kumnong'oneza majibu. Baada ya miezi kadhaa ya hayo, mtoto akisikia mlio wa simu ya Jumapili hukimbilia chooni, bibi naye husema, kwa uchungu anaoufunika na mzaha, kwamba wajukuu wa Ulaya hawana maneno.

Maneno wanayo. Kinachokosekana ni shughuli. Mjukuu anayelelewa Kikwajuni au Wete hakai kitako mbele ya bibi yake akahojiwa. Anamchungulia akikuna nazi, anatumwa dukani, anakatazwa kupanda mpera, anapanda, anaanguka, anapakwa mafuta. Mapenzi yanaingia kwa mlango wa nyuma wakati watu wana kazi nyingine mikononi. Simu imeondoa kazi zote hizo ikabakiza nyuso mbili, na uso mtupu ni mzigo kwa mtoto, hata ukiwa uso wa bibi.

Wataalamu wa watoto wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, Marekani, walichapisha jaribio la watoto wa miezi tisa waliosikilizishwa Kichina. Waliochezewa na kusomewa na mtu aliyekuwa mbele yao walishika sauti za lugha ile. Waliowekewa mtu yuleyule kwenye televisheni hawakushika kitu. Ungesema basi kioo hakifai. Mwaka 2014, Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff wakajaribu na watoto wa miaka miwili hadi miwili na nusu, safari hii kwa vitenzi vipya. Waliofundishwa ana kwa ana walijifunza, waliofundishwa kwa simu ya video walijifunza vilevile, na walioonyeshwa video iliyorekodiwa hawakujifunza. Tofauti haikuwa kioo. Mtu wa kwenye simu ya video humjibu mtoto: mtoto akicheka naye hucheka, akinyoosha kidole naye hugeuka kutazama, akikosea humrudisha. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipotoa mwongozo wake mwaka 2016 wa kuwaepusha na vioo walio chini ya miezi 18, kilitoa ruhusa moja tu: kuzungumza na watu kwa video.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni mchezo wa kujibizana, usiokwenda bila upande wa pili. Na hapa bibi wa Kiswahili ana hazina ambayo hao watafiti wangeilipia pesa nzuri.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Nyumba yangu haina mlango.”

Mtoto wa Manchester anafikiri. Hema? Siyo. Gereza? Siyo, gereza lina mlango, hukosekana ufunguo tu. Anakata tamaa, na bibi anadai haki yake: “Nipe mji.” Mtoto anatoa Manchester. Bibi anaukataa, mji gani huo wa mvua kila siku. Anatoa Paris. Bibi anakataa, hana koti. Anatoa Dubai, na bibi anapokea. Amekwenda Dubai, amepanda ghorofa refu mpaka kizunguzungu kikamshika, amenunua bangili mbili na kuziacha dukani kwa sababu ya bei, amekutana na shangazi yako akamtengenezea chai isiyo na sukari, na jibu ni yai.

Tazama ni vitu vingapi vimepita humo. Mtoto amefikiri kwa Kiswahili. Ameshindwa bila aibu, kwani kushindwa ndiko kunakoleta safari. Amefundishwa kwamba shangazi yuko Dubai na ana sukari. Kuchelewa kwa sauti kwenye mtandao hakuharibu kitu, maana mchezo wenyewe umejengwa juu ya kungoja jibu. Wiki inayofuata anakuja na chake: anakula karatasi lakini hashibi. Bibi anahangaika. Mbuzi? Siyo. Anashindwa, anatoa mji wa Makunduchi, na mtoto anaupokea, anaufungua kwenye ramani ya kompyuta, anauona uko kusini kabisa mwa kisiwa na una pwani, anasema amekwenda huko akaogelea, na jibu ni printa. Bibi anaapa kwamba hicho si kitendawili. Ugomvi huo una miezi sasa haujesha.

Hadithi ni ngumu zaidi, nikiri. Paukwa na pakawa hupita vizuri, lakini hadithi ya robo saa hewani humchosha mtoto aliyezoea katuni, hasa kama Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Walio hodari huikata vipande. Leo Abunuwasi anafika mlangoni kwa sultani, simu inakatwa hapohapo, na mtoto hana njia ya kujua kilichotokea ndani ila kwa kupiga yeye mwenyewe Jumapili ijayo. Ujanja wa waandishi wa tamthilia za televisheni, na unafanya kazi kwa sababu ileile.

Chuo nacho kimehamia humo. Wapo babu wanaowasomesha wajukuu Juzuu Amma kwa ujumbe wa sauti. Babu husoma aya mbili, mtoto huzirudisha kwa sauti yake, babu huzisikiliza mara tatu kwa utulivu, kisha hurudisha sahihisho: hapo vuta, hapo usivute, hapo umemeza herufi. Wajukuu wa Muscat hawana haja sana ya hili, skuli zao zinawatosheleza. Wa Copenhagen na Toronto ndio wanafunzi. Faida yake ambayo hakuna aliyeipanga ni kwamba simu inabaki na historia ya sauti ya mtoto tangu anapokosea “Qul” mpaka anapomaliza sura ndefu bila kujikwaa, na babu hafuti hata moja, simu ikamjaa, kijana wa mtaani akaitwa tena kwa soda nyingine.

Na jikoni. Mkate wa kumimina kwa video ni shughuli ya siku mbili, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Usiku wa kwanza mjukuu anaonyesha mchele aliouroweka. Bibi anaukataa, mchele gani mrefu vile, huo ni wa biriani. Asubuhi unasagwa na tui na hamira, na tui la kopo linazua mjadala. Bibi hana vipimo. Kwake sukari ni “ya kutosha”, iliki ni “usifanye ubahili”, na uji ni mzuri “ukiona umekaa”. Mjukuu wa miaka kumi na mbili anataka gramu. Anashika simu juu ya bakuli, bibi anasogeza uso karibu na kioo mpaka linabaki jicho moja, anasema ongeza tui, ongeza, basi, basi! Mkate wa kwanza hutoka kama tofali. Wa nne au wa tano huliwa, na kijana huyo sasa ana kitu anachokijua kwa bibi yake ambacho mama yake hakijui, maana mama aliondoka Unguja kabla hajajifunza.

Kuna pia simu ambayo hakuna anayezungumza. Bibi anachambua mchele, mjukuu anachora au anafanya hesabu za skuli, simu iko wazi mezani kwa saa nzima. Mara moja moja mmoja anasema kitu. Paka anapita. Huyu anauliza ile sauti ni nini, yule anasema muadhini, au gari la taka. Vijana huona ni kupoteza bando. Mimi naona ndiyo simu iliyo karibu zaidi na kuishi pamoja, na inahitaji kitu kimoja tu, yaani intaneti ya nyumbani isiyohesabu megabaiti, au mtoto aliye nje anayekumbuka kumnunulia mzee wake kifurushi cha mwezi badala ya kumtumia cha siku. Mzee anayejua kwamba bando linakwenda hazungumzi, anafupisha.

Lugha ni suala lisilokwepeka. Muscat kuna nyumba ambamo bibi anasema Kiswahili, mama anajibu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu, na mtoto anaelewa yote na kujibu kwa Kiarabu kitupu. London ni Kiingereza. Bibi aliye Unguja anajua Kiswahili, anajua Kiarabu cha kusalia, basi. Nimeona hata hivyo kitu kilichonishangaza kwa uzuri wake. Wazee waliosoma chuoni tu, wasiopitia skuli ya serikali, wengi wao huandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama babu zao walivyoandika barua na tenzi. Kwa miaka mingi watoto wao waliosoma kwa herufi za Kirumi waliwaona hawajui kuandika. Leo ukimwekea mzee huyo kibodi ya Kiarabu, ataandika salamu zake, na mjukuu wa Muscat, ambaye kusoma kwake kote ni kwa herufi hizo, atazisoma kwa sauti pole pole, na neno likishatoka mdomoni atalitambua. Bibi na mjukuu wanaandikiana, na mama aliye katikati, mwenye shahada, ndiye anayeuliza imeandikwa nini.

Huyo aliye katikati ndiye mwenye ufunguo wa kila kitu. Simu ya mtoto wa miaka mitano iko mkononi mwa mama au baba. Wakiwa wamenuniana na wazee, simu haipigwi. Wakiwa wamechoka, haipigwi. Mkwe asiyejua Kiswahili akihisi anasengenywa mbele ya macho yake, simu itapigwa mara chache na kwa muda mfupi, na sitamlaumu. Halafu kuna picha. Bibi anatumiwa picha ya mjukuu anaoga kwenye beseni, kabla magharibi iko kwenye statasi yake, wanaitazama watu mia mbili, wakiwemo fundi bomba na muuza mkaa waliowahi kuhifadhiwa namba zao. Huko nje wazazi wanakasirika kwa hoja ya faragha na usalama wa mtoto. Bibi haelewi kabisa, kwani mjukuu mzuri ni wa kuonyeshwa. Nimeona ugomvi wa aina hii ukimalizwa na jirani mtu mzima aliyetaja kijicho na husda. Picha ziliondolewa siku hiyohiyo. Faragha ni neno geni kwake, lakini husda anaijua.

Matapeli nao wameijua njia hii. Tumezoea ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”, na mzee mwenye akili zake humcheka anayeutuma. Mgumu ni huu mpya: ujumbe unatoka kwenye akaunti halisi ya mwanawe, picha ni yake, unasema niko mahali pabaya, usipige, tuma. Akaunti imetekwa kwa sababu mtu fulani, kwa huruma tu, alimsomea mgeni tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yake. Na sasa kompyuta zinaweza kuigiza sauti. Baadhi ya familia zimewekeana neno la siri, na wajukuu ndio wanaolipenda zoezi hili kuliko wote: jina la kuku aliyeliwa na kicheche, au tusi dogo la babu ambalo hakuna mtu wa nje anayelijua. Anayedai pesa bila kulitaja hapewi kitu, hata akilia.

Mtoto aliyekuzwa na simu akija likizo, mambo huwa si kama wazee walivyoogopa. Hajifichi nyuma ya mama yake uwanja wa ndege. Anamkimbilia bibi, halafu anasita hatua mbili kabla, kwani hakuna aliyemwambia kwamba bibi ni mfupi. Anashangazwa na vitu ambavyo kioo hakina: udi kwenye kanga, mikono migumu, jinsi anavyokoroma. Lakini jikoni anajua kopo la sukari linakaa wapi. Anajua jirani anaitwa nani na paka yupi ni mwizi. Siku ya pili anatega vitendawili barazani na watoto wa mtaa, na wanamcheka lafudhi, na anawapa miji wasiyoijua.

Kilichoniyakinisha zaidi, lakini, si ziara hizo. Ni utani. Kwa desturi zetu babu na bibi hutaniana na wajukuu wao kama wana ndoa: mjukuu wa kiume ni mume wa bibi, wa kike ni mke mwenza wake. Utani hauwezi kufundishwa kwa barua wala kuigizwa mara moja kwa mwaka. Unataka chokochoko za kila wiki, kinyongo cha uongo, deni lisilolipwa. Nilidhani ndicho kitu cha kwanza kitakachofia njiani. Hakikufa. Mwalimu mmoja Mwingereza aliyeambiwa na mtoto wa miaka saba kwamba ana mke, na mke huyo ana miaka sabini na tatu na anaishi Michenzani, aliita wazazi skuli, na baba akatumia nusu saa kumweleza.

Mume huyo wa miaka saba ndiye niliyemsikia Jumapili moja, simu ikiwa kwenye spika, akimtangazia bibi yake kwamba ataoa msichana wa darasani mwao kwa kuwa ana trampolini.

“Basi nipe talaka yangu,” bibi akasema, “na kanga zangu doti mbili, na deni la miezi yote uliyonikalisha bila matumizi.”

Kimya kidogo. Mtoto alikuwa anamuuliza baba yake doti ni nini. Akarudi na kusema ana pauni tatu.

“Pauni tatu! Bibi yako nimekuwa ndimu?”

Ndipo sauti ya babu ikaja kutoka chumba cha ndani, ambako sote tulidhani amelala: “Wewe mchukue tu, bwana. Mimi nakupa bure, na nauli juu.”